Kamba iko kwenye faili: programu huria, fomati zilizofungwa na window ya kuchakachua

Orodha ya malipo ya wakulima imeandikwa Tandahimba, kwenye kompyuta ya ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Inarushwa kwa WhatsApp hadi steshenari moja ya Mtwara mjini ili zitolewe nakala arobaini. Kule ilikuwa kurasa 11, huku inafunguka kurasa 13. Kichwa cha jedwali kimebaki mguuni mwa ukurasa, majina yamevukia ukurasa wa pili, na mstari wa sahihi ya mwenyekiti umekaa peke yake kwenye karatasi nyeupe. Mteja anamlaumu kijana wa steshenari. Kijana anajibu kwamba window ya kule ni ya zamani. Hapo kwa kawaida hakuna mwenye kosa kati yao, na umri wa Windows hauhusiki.

Mambo ya namna hiyo hutokea kila msimu wa minada, na ushauri ni uleule: nunua mashine mpya, piga window mpya, weka ofisi mpya. Kamba yenyewe, ile inayotufunga, haiguswi. Ili kuishika inabidi kutenganisha mambo manne ambayo mtaani yamefungwa fundo moja: bei ya programu, msimbo wake (maandishi ambayo waandishi wa programu huiundia), leseni yake, na fomati ya faili linalotoka humo, ile ambayo vitabu vya TEHAMA huiita umbizo. Programu inaweza kuwa ya bure na bado imefungwa. Inaweza kuwa wazi na ikauzwa. Inaweza kuwa imefungwa kabisa lakini ikatoa faili ambalo kila mtu analisoma. Ile ya kuchakachua nayo ni jamii ya peke yake: haina bei, haina leseni, na imefungwa mara mbili, kwanza na aliyeitengeneza, kisha na aliyeichakachua.

Bure, huru, huria

Kiingereza hutumia neno moja, free, kwa mambo mawili ambayo sisi tunayatenga bila kufikiri: bure na huru. Richard Stallman, aliyetangaza GNU, mradi wa programu huru, mwaka 1983, ametumia miaka mingi kuwaeleza watu kwamba yeye anazungumzia la pili. Utata huo ni sababu mojawapo ya jina open source kubuniwa mwaka 1998. Kwetu ingetosha kusema programu huru, au huria kama wengi wanavyoandika, tukaendelea na safari. Taabu yetu iko upande wa pili, maana bure ya Kiswahili ina mkia: kazi bure, mtu bure. Fundi akimwambia mteja kwamba LibreOffice, programu ya ofisi inayofanya kazi za Word na Excel, ni ya bure, mteja anasikia kwamba ni ya hovyo, na anaomba awekewe "ile yenyewe".

Uhuru wenyewe ni wa aina nne, na Stallman, kama mtu wa kompyuta, huuhesabu kuanzia sifuri: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake na kuubadilisha, kutoa nakala, na kutoa nakala za toleo ulilolibadilisha. Bei haimo humo. Fundi wa Nachingwea anaruhusiwa kuchoma DVD hamsini za Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, na kuziuza elfu tano tano, na anaruhusiwa kudai ujira wa kuiweka kwenye mashine. Kinachokatazwa na leseni kama GPL ni kuibadilisha programu, kuisambaza, halafu kuuficha msimbo wa mabadiliko yako. Katazo hilo linasimama juu ya sheria ileile ya hakimiliki inayomlinda Microsoft. Anayesema anatumia programu huria kwa sababu hapendi hakimiliki amebisha mlango usio wake.

Kwa mifano ya kila siku: VLC, Firefox na LibreOffice ni huria. Chrome, Adobe Reader na WPS ya kwenye simu ni za bure lakini zimefungwa. WPS hulipwa na matangazo unayoyaona. GB WhatsApp, inayopendwa sana, haimo katika kundi lolote kati ya hayo. Ni programu iliyofungwa, ikachanwa na watu wasiojulikana, ikashonwa upya bila ruhusa. Ndiyo maana WhatsApp hufungia akaunti za wanaoitumia, na ndiyo maana hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kilichoongezwa ndani yake.

Kilichomo ndani ya docx

Turudi kwenye faili. Chukua docx yoyote, itolee nakala kwanza, kisha badili mkia wa jina la ile nakala kutoka .docx kuwa .zip. Kama mikia haionekani, fungua File Explorer, nenda View, weka tiki penye File name extensions. Bofya mara mbili. Litafunguka kama folda. Ndani kuna folda iitwayo word. Humo utakuta document.xml yenye maneno yako, styles.xml yenye mitindo, na folda ya media yenye picha na nembo. Fanya hivyohivyo kwa .odt, fomati ya LibreOffice: utakuta content.xml, styles.xml na folda ya Pictures. Zote mbili ni mifuko ya zip iliyojaa maandishi ya XML, yaani maneno yaliyozungushiwa alama za mabano.

Hii ina faida ya papo kwa papo. Word ikigoma kufungua docx iliyojeruhiwa kwenye flashi, mara nyingi picha zinaokoleka kwa njia hiyo, na maneno yanaweza kunyofolewa kutoka document.xml kwa Notepad, ingawa yatakuja yamezungukwa na takataka nyingi za mabano. Fomati ya .doc, iliyotawala kabla ya Office 2007, haina huruma hiyo. Ile ni donge moja la baiti, na Microsoft ilianika hadharani maelezo yake mwaka 2008 tu. Miaka yote kabla ya hapo, waliotaka kuisoma walikuwa wanapapasa gizani.

Kama zote ni mifuko ya zip, zinagombania nini? ODF, jamii ya .odt na .ods, ilipitishwa na OASIS, shirika la viwango, mwaka 2005 na kuwa kiwango cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, mwaka 2006, namba 26300. Microsoft ikaja na yake, OOXML, ikapitia ECMA, shirika jingine la viwango, mwaka 2006 na ISO mwaka 2008, namba 29500, kwa maelezo yanayozidi kurasa 6,000. Kwenye karatasi, basi, docx ni fomati wazi. Ila kiwango hicho kina sura mbili, Strict na Transitional, na Word kwa kawaida huhifadhi kwa hii ya pili, iliyobeba tabia za Word za miaka ya nyuma. Anayeandika programu nyingine analazimika kuiga hata chechemeo la mwenzake. Kanuni zimeandikwa, ila mwamuzi wa mwisho amebaki kuwa ni vile Word inavyofanya.

Kwa orodha yetu ya Tandahimba, hata hivyo, hayo yote ni makubwa mno. Kilichoivuruga ni fonti. Docx kwa kawaida haibebi fonti, inabeba jina lake tu. Tangu 2007 Word ilikuwa ikianza na Calibri, na kuanzia 2023 Microsoft ikaanza kuhamia Aptos. Ukiandika kwa Aptos kwenye ofisi mpya, kisha steshenari wakafungua kwa Office 2010, mashine ya pili inatafuta Aptos, haioni, inachukua fonti nyingine yenye upana tofauti. Jina la mkulima lililotosha mstari mmoja linakatika kuwa miwili, na mstari mmoja ukikatika katika kila safu ya tano, kurasa mbili zimeshaongezeka. Hapo ni Word kwa Word, hakuna programu huria hata moja iliyohusika.

Chanzo cha pili ni karatasi. Window nyingi hupigwa na kuachwa na mipangilio ya Marekani, kwa hiyo ukurasa mpya unaanza kwa Letter, milimita 216 kwa 279, wakati karatasi tunayonunua ni A4, milimita 210 kwa 297. Faili la Letter likichapwa kwenye A4, ama linabanwa, ama linajipanga upya. Nenda Layout, Size, chagua A4 kabla ya kuandika neno la kwanza. Chanzo cha tatu ni mikono yetu wenyewe: kupanga safu kwa kubonyeza nafasi mara ishirini, na kuhamia ukurasa mpya kwa kugonga Enter mpaka ufike. Bonyeza Ctrl na Enter mara moja, inatosha. Na kichwa cha jedwali kirudie chenyewe kila ukurasa: chagua safu ya kwanza, nenda Table Properties, Row, weka tiki penye Repeat as header row.

Dawa ya fonti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. LibreOffice huja na Carlito, ambayo kila herufi yake ina upana sawasawa na ile ya Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Liberation Serif inalingana na Times New Roman, Liberation Sans na Arial. Maumbo yanatofautiana kidogo, ila mistari inakatikia palepale. Hati inayozunguka ofisi tano iandikwe kwa Times New Roman au Arial, basi. Kama lazima iwe fonti ya mapambo, kwenye LibreOffice fungua File, Properties, Font, weka tiki penye Embed fonts in document, na faili litasafiri na fonti yake. Litanenepa kidogo.

Na kama kazi ni kuchapa tu, usitume docx. Tuma PDF, ambayo ilianza mwaka 1993 kama mali ya Adobe na ikafanywa kiwango cha ISO mwaka 2008. LibreOffice ina ujanja ambao wengi hawaujui: nenda File, Export As, Export as PDF, kisha weka tiki penye Hybrid PDF. Faili linalotoka linafunguka na kuchapika kama PDF ya kawaida kwenye simu yoyote, lakini ukilifungua kwa LibreOffice linageuka hati kamili ya kuhariri, kwa sababu lile .odt limefichwa humohumo. Katibu anatuma faili moja, steshenari inachapa, na mhasibu wa chama kikuu anarekebisha tarakimu.

Tukiwa bado kwenye orodha za wakulima, onyo moja ambalo fomati wazi haiwezi kukuokoa nalo. CSV ni fomati iliyo wazi kuliko zote, maandishi matupu yaliyotengwa kwa koma, na mifumo mingi hutoa au kupokea orodha kwa CSV. Ukiibofya mara mbili ikafunguka kwa Excel, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inageuka kuwa kitu kama 1.98507E+19. Ukiipanua safu unaziona tarakimu zote zimerudi, unashusha pumzi. Usishushe: Excel hutunza tarakimu 15 tu, na tano za mwisho sasa ni sifuri. Ukihifadhi, zimepotea moja kwa moja. Namba ya simu 0784 inabaki 784, na akaunti ya benki inayoanza na sifuri inaipoteza. Calc ya LibreOffice ina kikomo hichohicho cha hesabu, ila inapofungua CSV hukutolea dirisha kwanza. Humo bofya vichwa vya safu za NIDA, simu na akaunti, na aina ya safu uchague Text. Kwenye Excel usiibofye CSV mara mbili. Pitia Data, From Text/CSV, na ufanye uchaguzi huohuo.

Kuchakachua

Neno lenyewe tulilitoa kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, na linafaa. Kwenye simulizi za mtaani programu ya kuchakachua ni ushindi wa mnyonge. Kampuni iko Marekani, ina hela, haitapungukiwa. Office Home 2024 iliingia sokoni kwa dola 149.99, ambazo kwa shilingi ni kati ya laki tatu na nusu na laki nne, bei ambayo kwa steshenari ya Ruangwa inashindana na printa nzima. Kulipia kunataka kadi inayokubalika mtandaoni. Na kompyuta yenyewe inauzwa "na window yake na ofisi yake humohumo", kwa hiyo mnunuzi hajioni kama mwizi. Ameuziwa kitu, ametoa hela, amepewa risiti. Kumwita mwizi hakufundishi lolote.

Sheria haina utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaziweka programu za kompyuta kundi moja na vitabu na maandishi mengine, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imegusa ukiukaji wa haki hizo kwa njia ya kompyuta. Lakini watu hawajizuii kwa sababu ya vifungu, kwa hiyo tuiangalie hoja ya ushindi.

Mwaka 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi kuwalaumu waliokuwa wakinakili BASIC yake bila kulipa. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa University of Washington kuhusu China, alikuwa amebadili wimbo: maadamu wataiba, ni afadhali waibe ya kwetu, watakolea, na baadaye tutatafuta namna ya kukusanya. Mtu wa Newala hahitaji kufafanuliwa. Ndivyo afanyavyo mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo: anakuja miezi ya njaa na hela mkononi, hakuulizi chochote, na korosho zikianguka anajua zinakwenda wapi. Kinachovunwa hapa ni mazoea na mafaili. Miaka kumi ya barua, orodha na kadi zako zimo kwenye fomati inayosomwa vizuri na programu moja, na siku utakayotakiwa kulipa, au programu itakapokufa, huna pa kuhamia. Stakabadhi unayo, ila ghala lina ufunguo mmoja na hauko mkononi mwako.

Kuna na hasara ya leo hii. Vyuo na kampuni kubwa hununua leseni kwa jumla, na badala ya kila kompyuta kuwasiliana na Microsoft, seva moja ya ofisini huzihakiki. Uhakiki hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila siku 7. Kikraki cha kawaida, yaani kijiprogramu cha kuchakachulia, hujifanya ndiyo hiyo seva, ndani ya mashine yako mwenyewe. Ili kifanye kazi kinataka ruhusa za msimamizi, kinaweka kazi ya kujirudia yenyewe kimyakimya, na kwa kuwa Defender, antivirus ya Windows yenyewe, inakitambua, maelekezo yake huanza na sentensi ileile: zima antivirus kwanza. Yaani mgeni usiyemjua amepewa funguo zote za nyumba, na mlinzi ametumwa sokoni. Hata kama aliyekitengeneza alikuwa mwema, nakala uliyonayo imepita flashi kumi kabla ya kufika Liwale.

Ukikuta folda za flashi zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Fungua Command Prompt, na kama flashi ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ugonge Enter. Folda halisi zitajitokeza. Zile njia za mkato zifute. Hiyo imerudisha mafaili tu. Mashine iliyoambukiza bado inaumwa, na itaambukiza flashi ya mteja anayefuata.

Masasisho nayo huzimwa, ama kubana bando, ama kwa kuogopa kikraki kisinaswe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka Machi ya mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha mashine zao tundu hilo lilikuwa limeshazibwa.

Kinachochekesha ni kwamba wengi wanachakachua kitu walichokwisha kulipiwa. Laptop nyingi za mtumba za Dell, HP na Lenovo zinazoletwa kusini zilitoka kiwandani na leseni, na tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, ufunguo huo huandikwa kwenye chipu ya ubao mama. Haufutiki kwa kupiga window. Fungua PowerShell na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25, leseni unayo. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /dlv, ugonge Enter. Kama dirisha linataja VOLUME_KMSCLIENT na mashine si ya chuo wala ofisi kubwa, imechakachuliwa. Kosa la fundi hapa ni moja: anapiga Pro kwa kila mashine kwa sababu ndiyo iliyo kwenye flashi yake, wakati ufunguo wa kwenye ubao ni wa Home au Home Single Language, na matoleo hayo hayapokei funguo za mwenzake. Pakua window kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, inatolewa bila malipo, piga toleo linalolingana, unganisha intaneti, itajihakiki. Kwa mashine zilizokuja na Windows 8 mlango ni mwembamba zaidi, kwani Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kuacha kuruhusu funguo hizo kuhakiki Windows 10 na 11.

Kuhama bila kuvunja vyombo

Kosa kubwa la wahubiri wa programu huria ni kuanza na Linux. Mwenye steshenari akiwekewa Linux Jumatatu, Jumanne printa yake ya Canon LBP2900 inagoma, kwa sababu dereva zake, programu za kuiunganisha na kompyuta, ni msalaba kwenye Linux, na Jumatano amerudi alikotoka akiwa na ushuhuda mbaya. Anza na ofisi, acha window ilipo. LibreOffice inakaa pamoja na Word bila ugomvi, hivyo mteja akija na docx ngumu, Word ipo.

Kifurushi chake cha Windows ni takriban MB 350. Kipakuliwe mara moja, usiku au kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha kihakikiwe: kwenye Command Prompt andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe tarakimu na zile za kwenye ukurasa wa kupakulia. Baada ya hapo kiweke kwenye flashi ukisambaze Mikindani hadi Kilwa Masoko, maana kunakili ni haki iliyoandikwa kwenye leseni. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, waliotegemea ofisi za mtandaoni walisubiri. Aliyekuwa na kifurushi kwenye flashi aliendelea kuchapa.

Wakati wa kuweka chagua Custom, si Typical, ili uone orodha ya kamusi na uweke tiki penye Kiswahili. Kukagua tahajia ya Kiswahili si jambo la jana: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa ofisi nzima kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kisha nenda Tools, Options, Load/Save, General. Hapo utaamua kila hati mpya ihifadhiwe kwa fomati gani. Maoni yetu ni kwamba nakala ya kudumu ya ofisi iwe ODF, na docx itolewe pale tu mtu wa nje anapoiomba. Hati moja isizunguke kati ya Word na LibreOffice mara sita; kila mzunguko unaacha mkwaruzo, hasa kwenye maboksi ya maandishi, WordArt na namba za orodha.

Mafaili ya zamani yasibadilishwe moja moja. Kwenye File, Wizards, kuna Document Converter, inayopokea folda nzima ya doc, xls na ppt na kutoa ODF kwenye folda nyingine. Mafaili ya asili hayaguswi. Ikimaliza, hesabu mafaili ya pande zote mbili, kisha fungua kama kumi hivi, uanze na yale yenye majedwali marefu. Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ziache zilivyo, kwa kuwa makro za Excel huendeshwa nusunusu na Calc.

Linux ina nafasi yake kwenye mashine ambayo Windows 11 inaikataa kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kwa prosesa ya zamani, kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025. Linux Mint inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, 4 ndiyo ya starehe, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Iandike kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa programu ya Rufus, washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, na uiendeshe kutoka kwenye flashi bila kuiweka. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa yako hapohapo. Kimoja kikigoma, zima, chomoa, hujapoteza kitu.

Kazi isiyosubiri ni ya Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vyeti. Kadi za michango, mialiko, vyeti vya mahafali na kalenda za steshenari nyingi zimo kwenye .pub, na Microsoft imetangaza kwamba msaada wa Publisher unakoma Oktoba 2026, na kwamba baada ya hapo wenye Microsoft 365 hawataweza kuyafungua mafaili hayo kwa Publisher. Nakala ya kuchakachua ya 2010 itaendelea kufunguka mpaka diski ife au window mpya ikatae kuipokea. Kabla ya hapo, fungua kila .pub inayoleta hela, itoe PDF, na uandike majina ya fonti zake. Kisha ifungue .pub yenyewe kwa LibreOffice Draw, ambayo inaisoma ingawa haiwezi kuiandika. Rangi za kufifia, vivuli na WordArt vitapotea au kuhama, kwa hiyo weka ile PDF pembeni uipange upya kwa kuitazama, uihifadhi kama .odg. Kadi moja ya harusi yenye maua ya pembeni itakula karibu nusu saa. Ukishapata kiolezo kimoja safi cha kadi ya mchango, zile themanini nyingine zilizobaki kwenye folda huwa ni kadi ileile, imebadilishwa majina ya maharusi.